Mjane, Kibanja na Thumuni Yake

Siku ya tatu baada ya mazishi tuliitwa katika kikao cha ukoo huko Kyerwa. Marehemu, muumini wa safu ya mbele, hakuacha wasia. Aliacha mke, vijana wawili, binti mmoja, na kibanja cha migomba na buni. Wazee walikwisha kumtaja mrithi mkuu, kijana wa kwanza. Mama aliambiwa atatunzwa na wanawe.

Wazee hawakulizua jambo hilo. Amri ya Sheria za Kimila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, yasema mjane hana fungu iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo, nayo humweka binti daraja la tatu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka huku huku Kagera, iliamua kuwa mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama awezavyo mwanamume. Fungu la mjane halikuguswa.

Surat an-Nisaa imekwisha kuligawa. Yakishatolewa mazishi na madeni, mjane mwenye watoto hupata thumuni, na kijana hupata mara mbili ya binti. Tukahesabu mafungu 40: mama 5, kila kijana 14, binti 7.

"Na binti akiolewa Rwanda?" akauliza mzee mmoja.

"Fungu ni lake hata akiwa huko, mzee wetu."

Kazi ilikuwa Mahakama ya Mwanzo. Jina la Kiislamu pekee halitoshi. Mahakama hutazama maneno ya marehemu, maandishi yake na mwenendo wa maisha yake, ndipo iamue kama alikusudia mirathi yake ifuate sharia ya Kiislamu. Swala zake tulizishuhudia. Cheti cha ndoa hakikuwapo, na daftari la msikiti, tukiri, halikuwa na jina lao. Ikabidi atafutwe shahidi wa nikaha, mzee sana, akapatikana Kayanga. Alikumbuka hata mahari.

Msimamizi ameteuliwa, ana miezi 4 ya kuwasilisha hesabu za mali na madeni.

Nasi tumeanza kuandika upya ndoa zote zisizo na cheti. Wanandoa waje na mashahidi wao kila Ijumaa baada ya swala, wangali hai wote wawili. Na anayetaka kutamka mbele yetu kwamba mirathi yake ifuate sharia, tutamwandikia hapo hapo.