Usawa ndani ya Nyumba ya Sheria: Lugha na Watumishi wa Mahakama katika Shinyanga na Geita

Neno haki katika Kiswahili lina maana mbili zikaazo pamoja: ni stahili ya mtu, na ni uamuzi ulionyoka wa yule ahukumuye. Mtu asemapo kwamba anakwenda mahakamani kutafuta haki yake, amekwisha kuyataja yote mawili. Neno usawa nalo latokana na sawa, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na twalitumia kwa mizani, kwa uwanja ulio tambarare na kwa wanadamu. Makusudi ya makala haya ni kuchungua jinsi maneno hayo yanavyotimizwa miongoni mwa watu waitumikiao sheria, yaani mahakimu, makarani, wakalimani na mawakili. Na mfano wetu ni Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Nchi hiyo yafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa watu wake wamechanganyika sana. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mkoa wenyewe wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wasukuma ndio wengi, lakini wamo pia Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi, Waha, Wahaya na wengine waliovutwa na migodi. Karani wa mahakama yaweza kumtokea kwa siku moja kumpokea mchimbaji mdogo anayedai ujira wake, bibi kizee asemaye Kisukuma tu, na mjumbe wa kampuni ambaye hati zake zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Nyumba inayowapokea watu wa namna hiyo haiwezi kuwa ya watu wa aina moja ikatazamiwa kuwaelewa wote.

Tuanze na historia. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Baada ya uhuru ikafanyika kazi kubwa ya kuunganisha sheria za mila za makabila mengi, na mwaka 1963 zikatangazwa na serikali kwa maandishi. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoondoa mgawanyiko wa mahakama za wenyeji na mahakama nyingine. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa na faida, kwani mila isiyoandikwa hubadilika kwa kadiri ya kinywa cha msemaji. Lakini wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Mila zilizoandikwa zilimpa mwanamke fungu dogo katika urithi, na mjane hakuhesabiwa miongoni mwa warithi wa mumewe.

Matokeo yake yalionekana dhahiri katika shauri la wajane wawili wa Kisukuma, waliotolewa katika nyumba zao na jamaa za waume zao waliofariki. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila mengine yote zingefuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba haki za wajane hao zimevunjwa. Yote hayo yalitukia ijapokuwa haki za binadamu zilikwisha kutiwa katika Katiba mwaka 1984.

Huenda msomaji akauliza: je, tukiongeza wanawake katika viti vya uamuzi, hukumu zitanyoka zenyewe? La, si lazima. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya, mwanamume, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo alikuwa na haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Basi dhamiri njema haina jinsia. Hata hivyo, hoja hiyo haiondoi haja ya kuchanganya watumishi. Mashauri mengi hayamfikii jaji mwenye ujasiri. Huishia mlangoni, mahali ambapo mtu husikilizwa au hafahamiki, huheshimiwa au hudharauliwa. Na mlango huo hulindwa na watumishi wa kila siku.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe ina jambo la kutufundisha. Maneno hakimu, jaji, wakili na karani hayabagui mwanamume na mwanamke, na kiambishi a- huwafaa wote. Lakini desturi ya usemi huweza kuingiza kile ambacho sarufi haikukiweka. Mara nyingi twasikia "hakimu mwanamke", wala ni nadra mno kusikia "hakimu mwanamume", kana kwamba wa pili ndiye hakimu hasa na wa kwanza ni mgeni. Kadhalika washauri wa Mahakama ya Mwanzo waliitwa "wazee wa baraza". Kwa Kiswahili mzee aweza kuwa wa jinsia yoyote. Lakini katika masikio ya Msukuma, neno hilo huelekea kwa banamhala, yaani wazee wanaume waliozoea kuketi na kuamua. Yafaa tukumbuke kwamba Julie Manning alikwisha kuwa jaji katika miaka ya 1970, kisha akawa Waziri wa Sheria tangu 1975 hadi 1983. Jambo lililokwisha kuzoewa kwa nusu karne halistahili tena kutajwa kama ajabu.

Jambo la pili ni lugha ya mahakama. Kwa miaka mingi Mahakama ya Mwanzo ilitumia Kiswahili, na Mahakama Kuu ikaandika kwa Kiingereza, hata mwenye shauri akaletewa hukumu asiyoweza kuisoma. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2021 sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kwa bibi wa kijijini aliyekua na Kisukuma peke yake, Kiswahili nacho ni ukuta, ingawa ni mfupi zaidi. Mkalimani, basi, si mtumishi wa pembeni. Akikosea neno moja, shahidi huonekana mwongo.

Jambo la tatu latuhuzunisha zaidi. Katika nchi hizi watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya ushirikina. Mwezi wa Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa Bukombe. Jina "zeruzeru", lililozoeleka zamani, sasa limeachwa na wengi, na badala yake twasema mtu mwenye ualbino, ili utu utangulie. Lakini kubadili jina hakutoshi kama mtu mwenyewe haonekani kazini. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, ni wakili, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2015 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri. Wengi wenye hali hiyo wana uoni hafifu. Hati zenye herufi kubwa na kiti kilicho mbali na mwanga mkali wa dirisha ni mambo ya gharama ndogo, nayo humwezesha mtu kufanya kazi yake yote.

Sheria za kazi zimekwisha kuweka msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kwa kabila, jinsia, dini, ujauzito, ulemavu na mengineyo. Nayo yampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baadaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ya kazi. Sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Aidha, sheria ya rushwa ya mwaka 2007 yahesabu kuwa kosa mwenye mamlaka kudai ngono kama malipo ya ajira au upendeleo. Ofisi ya wakili mjini Kahama au Geita, hata iwe ya watu wachache, haina udhuru wa kuwashitaki wengine kwa sheria ambazo yenyewe haizifuati.

Wachunguzi wa lugha nao wana sehemu yao. Yafaa ikusanywe orodha ya maneno ya sheria kwa Kiswahili na Kisukuma, si kutoka kwa banamhala peke yao, bali pia kutoka kwa wajane, wachimbaji na wakalimani wenyewe: husemaje mirathi, dhamana, rufaa, kiapo? Orodha hiyo ikiwekwa juu ya meza ya kila karani, bibi kizee ataulizwa swali analolielewa, na jibu lake litaandikwa kama alivyolisema.