Maikrowevu imezimika? Usikimbilie bisibisi

JOHANNESBURG – Mgawo wa umeme ulioanza Afrika Kusini mwishoni mwa 2007 na kupamba moto mwaka 2022 na 2023 umewafunza wakazi wa jiji hili jambo moja: umeme ukirudi kwa kishindo, vyombo huungua. Maikrowevu ni mojawapo.

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi hufungua plagi ili abadilishe fyuzi. Hapa haimo. Plagi ya Afrika Kusini, ile yenye pini tatu nene za mviringo, haina fyuzi. Imo ndani ya mashine yenyewe. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani nyuma ya bati hilo hilo kuna kapasita inayotunza umeme wa volti 2,000 na zaidi. Inaweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Anza na yasiyo na madhara. Chomeka pasi kwenye soketi ile ile uone kama inapata moto. Tazama kama swichi kuu ya nyumba imejizima. Bana mlango vizuri, maana usipofungika sawasawa mashine haipashi kitu.

Ikigoma, mpelekee fundi. Malipo yake hayafikii gharama za kusafirisha maiti hadi nyumbani.