Kwa Nini Akina Mama Walikufa Kliniki ya Kwanza?

Mara nyingi katika ukurasa huu mmetusikia tukisema "wataalamu wamegundua". Baadhi yenu mmetuuliza: wanagunduaje? Mwezi huu tuwapeni habari ya hospitali kuu ya Vienna, huko Austria.

Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 katika kliniki ya kwanza walikufa zaidi ya akina mama 11 katika kila 100. Katika ya pili hawakufika 3. Ugonjwa ulikuwa homa ya uzazi. Wajawazito walijua, wakawa wanasihi wasipelekwe ya kwanza.

Daktari Ignaz Semmelweis, Mhungaria, alisumbuliwa sana na jambo hili. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini kliniki zote mbili zilivuta hewa ileile. Wengine, msongamano, kumbe ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, maana kila mtu aliikimbilia. Ikasemwa ni hofu, kwa kuwa padre aliyewapelekea sakramenti mahututi alipita katikati ya wodi za kliniki ya kwanza huku kengele ikilia. Padre akaombwa apite njia nyingine, bila kengele. Vifo havikupungua. Akina mama wakalazwa ubavu wakati wa kujifungua, kama walivyofanya wakunga. Bado.

Makisio ya namna hii wanasayansi huyaita nadharia tete. Hayafanani na maneno ya kijiweni, kwa sababu yanajifunga yenyewe: kama ndivyo ilivyo, basi mkifanya hivi mtaona vile. Msipoona, yanatupwa, hata kama aliyeyasema ni profesa.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alijeruhiwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua na kufa. Mwili wake ulionyesha dalili zilezile za akina mama. Semmelweis akawaza: madaktari na wanafunzi hutoka kwenye maiti na kwenda kuwapima wajawazito, wakunga hawapasui maiti. Huenda mikono hubeba chembe za maiti. Kama ni hivyo, kunawa kwa maji ya klorini kutapunguza vifo. Katikati ya Mei akaagiza wote wanawe. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Juni wakawa 2 hivi.

Yaliyofuata ndiyo yanayotupendeza zaidi sisi wauguzi. Oktoba mwaka huohuo walimpima mama mwenye saratani ya mji wa mimba, kisha wakawapima wengine 12 bila kunawa klorini. Walikufa 11. Hapakuwa na maiti hapo! Ikabidi apanue nadharia yake: hata uoza wa mtu aliye hai huua. Alifariki mwaka 1865, wenzake wengi wakiwa hawajamkubali.

Nasi nyumbani, mtoto akichemka mwili, mama husema, "Ni malaria." Ni kisio zuri, ila lipimwe. Kipimo cha damu kisipoonyesha vijidudu vya malaria, turuhusuni tutafute kwingine: masikio, kifua, mkojo. Wapo wazazi wanaokasirika na kwenda kununua dawa ya malaria dukani, na huku nimonia inaendelea kifuani mwa mtoto.