Umeme tuli

Umeme tuli ni umeme unaotokana na chaji zilizokaa mahali bila kutiririka. Ni tofauti na mkondo wa umeme, ambao ni mwendo wa chaji, kwa mfano ndani ya waya. Umeme tuli ndio unaofanya kitana cha plastiki kilichopitishwa kwenye nywele kavu kivute vipande vya karatasi. Huohuo, kwa kiasi kikubwa zaidi, ndio unaoleta radi.

Historia

Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa kwa manyoya huvuta vitu vyepesi. Kaharabu kwa lugha yao iliitwa elektron, na kutokana na neno hilo limepatikana jina la elektroni. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert alionyesha kwamba vitu vingine vingi, kama kioo na salfa, vina tabia hiyohiyo. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alitambua kwamba umeme huo ni wa aina mbili. Baadaye Benjamin Franklin wa Marekani aliziita chanya (+) na hasi (−).

Chaji

Atomu ina protoni zenye chaji chanya katika kiini, na elektroni zenye chaji hasi nje ya kiini. Kwa kawaida idadi zake ni sawa, hivyo atomu nzima haina chaji. Kitu kikipata elektroni za ziada huwa na chaji hasi. Kikipoteza elektroni huwa na chaji chanya. Protoni hazihami, kwa sababu zimefungwa ndani ya kiini.

Kwa hiyo kusugua hakutengenezi chaji, bali huihamisha tu. Kitana kikichukua elektroni kutoka kwenye nywele, nywele hubaki na chaji chanya iliyo sawasawa na chaji hasi ya kitana. Hii ndiyo kanuni ya hifadhi ya chaji: jumla ya chaji haiongezeki wala haipungui.

Chaji hupimwa kwa kulombi (C). Elektroni moja ina chaji ya 1.6 × 10⁻¹⁹ C, hivyo kulombi moja ni sawa na elektroni zipatazo 6.24 × 10¹⁸.

Vipitishi na vihami

Katika vipitishi, kama shaba na alumini, baadhi ya elektroni huweza kutembea kwa urahisi. Katika vihami, kama plastiki, kioo na mpira, elektroni hubaki zilipo. Ndiyo maana kitana cha plastiki hutunza chaji, lakini kijiko cha chuma kilichoshikwa mkononi huipoteza mara moja kupitia mwili hadi ardhini.

Unyevu nao huvujisha chaji, kwa sababu huweka utando mwembamba wa maji juu ya kihami. Jaribio la kitana linaweza kushindwa mjini Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, lakini likafanikiwa vizuri siku ya kiangazi kwenye nyanda za juu.

Kanuni ya Coulomb

Chaji za aina moja hufukuzana, na chaji za aina tofauti huvutana. Mwaka 1785 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alitangaza kanuni ya ukubwa wa kani hiyo:

F = k q₁ q₂ / r²

F ni kani kwa nyutoni (N), q₁ na q₂ ni chaji mbili, r ni umbali kati yake kwa mita, na k ni takriban 9 × 10⁹ N m²/C².

Mfano: chaji za 2 × 10⁻⁶ C na 3 × 10⁻⁶ C ziko umbali wa mita 0.3.

F = (9 × 10⁹ × 2 × 10⁻⁶ × 3 × 10⁻⁶) / 0.09 = 0.6 N

Umbali ukiongezwa mara mbili hadi mita 0.6, kani haipungui kwa nusu bali hubaki robo, yaani 0.15 N. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kusahau kipeo cha pili cha umbali.

Kwa nini karatasi huvutwa?

Karatasi haina chaji, lakini kitana huivuta. Kitana chenye chaji hasi kikikaribia, elektroni za karatasi husogea kidogo sana upande wa mbali, na upande wa karibu huwa chanya. Chaji chanya zikiwa karibu zaidi, huvutwa kwa nguvu kuliko zile hasi zinavyofukuzwa. Kama kani isingepungua kwa umbali, mvuto na msukumo vingefutana na karatasi isingesogea.

Uga wa umeme na radi

Eneo ambamo chaji huhisi kani huitwa uga wa umeme. Ukubwa wake ni E = F/q, kwa nyutoni kwa kulombi. Uga ukifikia takriban 3 × 10⁶ N/C, hewa kavu hushindwa kuhami na cheche hutokea.

Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu zinapogongana hupeana chaji, na kwa kawaida sehemu ya chini ya wingu huwa hasi. Chaji hiyo hufukuza elektroni za ardhi iliyo chini yake, kama kitana kifanyavyo kwa karatasi. Radi ni chaji inayopita ghafla kati ya wingu na ardhi.

Eneo la Ziwa Viktoria hupata radi nyingi. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, Uganda. Kinga ya radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa iliyounganishwa na ardhi kwa waya mnene, huipa chaji njia nyingine nje ya jengo. Asiye karibu na jengo lenye kinga ni salama zaidi ndani ya gari lenye bodi ya chuma, kwa kuwa chaji hupita juu ya chuma na si ndani. Kujikinga chini ya mti ni hatari.

Kwa sababu hiyohiyo lori la petroli huunganishwa na ardhi kwa waya kabla ya kushusha mafuta: cheche moja inaweza kuwasha mvuke wa petroli.