Jengo Lisilo na Fundi

Wanangu, mvua ikinyesha sana kwenye Mlima Kenya na milima ya Aberdare, sisi wa Nanighi hatuhitaji kuambiwa. Mto Tana hufura, maji yakapanda kingo na kuingia mashambani. Yakirudi mtoni huacha vidimbwi, na humo ndimo mbu wa malaria hutaga mayai. Haupiti muda mrefu kabla benchi la zahanati halijajaa watoto wenye homa.

Mkipata nafasi ya kuchungulia kwenye hadubini ya maabara, msiikatae. Tone la damu limepakwa juu ya kioo na kutiwa rangi, na vimelea vya malaria vimegeuka zambarau na buluu. Baadhi yavyo vina umbo la mwezi mwandamo. Tazameni katikati ya hivyo: mtaona punje za hudhurungi, karibu nyeusi. Punje hizo hazikupata rangi yake maabarani, zilikuja nayo. Ndizo zilizomvutia daktari Mfaransa Alphonse Laveran mwaka 1880 huko Algeria, akatambua kwamba malaria inaletwa na kiumbe hai. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliziona punje za namna hiyohiyo kwenye tumbo la mbu, na hapo ndipo alipojua kwamba yuko kwenye njia sahihi.

Punje hizo huitwa hemozoini, na namna zinavyojengwa ni jambo ambalo nimekuwa nikitamani sana mlielewe, kwa sababu hazina fundi.

Chembechembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Ndani ya kila himoglobini mna hemu nne. Hemu ni molekuli bapa ya duara, na katikati yake imekaa atomu moja ya chuma. Chuma hicho kina nafasi sita za kushikana na atomu nyingine. Nne zimeshikwa na naitrojeni za duara lenyewe, ya tano imeshikwa na protini, ya sita ni ya oksijeni. Nafasi hizo haziko ovyoovyo. Kila moja ina upande wake maalumu. Siri yote iko hapo.

Sasa kimelea kinaingia ndani ya chembe na kuanza kula himoglobini, nyingi mno, ndani ya kifuko chake cha chakula. Protini inameng'enywa, hemu inabaki peke yake. Hemu iliyoachwa hivyo ni sumu kwa kimelea, hupasua utando wake. Miili yetu ina kimeng'enya cha kuivunja. Kimelea hakina.

Lakini chuma cha hemu hiyo kimepoteza elektroni moja, na nafasi yake ya tano iko wazi kwa kuwa protini imekwisha kuliwa. Pembeni mwa kila hemu kuna mikono miwili mifupi yenye asidi. Mkono wa hemu moja unashika chuma cha jirani, na mkono wa jirani unashika chuma cha ile ya kwanza, kama watoto wawili waliowekeana mkono begani. Jozi hizo huvutana, mafuta yaliyomo ndani ya kifuko yanasaidia, na jozi baada ya jozi fuwele inakua hadi kufikia nanomita mia kadhaa. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani hemozoini ni mnyororo mrefu. Ni mwaka 2000 tu ndipo miale ya eksirei ilipoonyesha kwamba ni jozi.

Binadamu nao wamejifunza ujenzi wa aina hii. Mwaka 1990 Makoto Fujita na wenzake huko Japani walichanganya ndani ya maji metali iitwayo paladiamu na molekuli zilizonyooka. Paladiamu ikawa pembe nne, molekuli zikawa kuta, na miraba midogo ikajitengeneza yenyewe. Na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, waliofungua njia ya kujenga mitandao mikubwa ya metali yenye vyumba ndani yake.

Turudi kwa kimelea, maana ujenzi wake unaweza kuzuiwa. Tafuteni bibi au babu aliyewahi kumeza klorokwini, dawa ya malaria. Atawasimulia uchungu wake, pengine na mwasho uliomkosesha usingizi. Dawa hiyo, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, huingia ndani ya kifuko cha kimelea na kuziba uso wa fuwele, jozi mpya zikakosa pa kushika. Hemu inarundikana, na kimelea kinauawa na mabaki ya mlo wake.

Baadaye kimelea kilipata usugu. Hakikubadilisha ujenzi wake, maana chuma hushika vilevile siku zote. Kilichobadilika ni protini moja ya mlangoni mwa kifuko, ikawa inaitoa dawa nje. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza.

Leo mnapewa AL, dawa ya mchanganyiko iliyochaguliwa mwaka 2004. Mojawapo ya dawa zake mbili, artemetha, ina daraja la oksijeni mbili. Likikutana na chuma cha hemu iliyoachiliwa, daraja hukatika, na vipande vyake hushambulia protini za kimelea. Chembechembe zisizo na kimelea haziguswi hivyo, kwa kuwa humo hemu bado imefungwa ndani ya himoglobini. Artemetha huisha mwilini upesi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za AL kumezwa mara sita katika siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Nyingine, lumefantrini, hukaa siku nyingi zaidi kumalizia vimelea vilivyosalia.