Mawe ya Nyongo Yanayobaki Tumboni

Mama mmoja wa kikundi chetu alitujia na uvimbe ubavuni, upande wa kulia. Ulikuwa umetumbuliwa mara mbili, usaha ukatoka, akapewa dawa za kuua viini, akapata nafuu, kisha ukarudi. Kuna waliomwambia ni TB. Jirani akasema ni saratani, na tangu siku hiyo usingizi ukampotea. Hakuna aliyemwuliza kama aliwahi kupasuliwa. Tulipoketi naye ndipo akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma alitolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo. "Lakini hiyo si ilipona zamani?" akatuuliza.

Hebu tueleze. Mfuko wa nyongo umekaa chini ya ini, nao huweka nyongo ya kusaga mafuta ya chakula. Wakati mwingine nyongo hiyo huganda ikawa mawe. Mwaka 1985 daktari Mjerumani, Erich Mühe, aliutoa mfuko huu bila kupasua tumbo kwa mkato mrefu, na siku hizi njia ya matundu madogo na kamera imeenea. Kidonda ni kidogo, mgonjwa anarudi nyumbani upesi. Ni njia nzuri, wala hatutaki mtu aikimbie.

Ila mfuko uliovimba unaweza kutoboka unaposhikwa na kuvutwa, mawe yakamwagika tumboni. Hutokea hata mikononi mwa daktari hodari. Yeye huokota anayoyaona na kusafisha kwa maji ya chumvi, lakini jiwe likiteleza nyuma ya ini, au likikwama kwenye tundu la kutolea mfuko, kulipata ni kazi. Wengi waliobaki na mawe hawasumbuki kamwe. Wachache hupata jipu la ndani, baada ya miezi au hata miaka mingi. Hatari huzidi mawe yakiwa mengi au makubwa, au mfuko ukiwa ulikuwa na usaha. Jipu lenyewe hutafuta njia: laweza kutokea kwenye ngozi, au likapanda hadi kifuani. Wako wagonjwa waliokohoa vijiwe vya nyongo, amini usiamini.

Sasa, picha. Eksirei ya kawaida haionyeshi mawe mengi ya nyongo, kwa hiyo ikitoka safi usidhani mambo yameisha. Kwenye altrasaundi jiwe hung'aa na kutupa kivuli cheusi nyuma yake, kama mtu aliyesimama mbele ya taa. Skani ya CT huonyesha jipu liko wapi na limefika wapi, na jiwe lenye chokaa huonekana kama doa jeupe ndani yake. Lakini jiwe la mafuta matupu laweza kujificha kwenye CT, na hapo altrasaundi au MRI husaidia. Anayesoma picha bila kujua habari za opareshoni anaweza kuona uvimbe tu na kudhani ni saratani iliyosambaa.

Kutoa usaha na kuliacha jiwe ni sawa na kukamua mguu huku mwiba umo ndani. Nafuu ni ya muda tu. Jiwe lazima litolewe.

Kwa hiyo ukitolewa mfuko wa nyongo, kabla hujaondoka wodini uliza: mfuko ulitoboka? Mawe yalimwagika? Yote yalipatikana? Omba jibu liandikwe kwenye karatasi yako ya kutoka hospitali, na uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, si kufungia sukari. Ukipata homa isiyoisha, maumivu upande wa kulia au uvimbe karibu na kovu, hata miaka kumi ikipita, anza kwa kumwambia daktari habari hiyo, na umwambie pia anayekupiga picha.

Yule mama alirudi hospitali na maelezo hayo, akapigwa altrasaundi, na jiwe likaonekana chini ya kovu. Lilikuwa kama punje ya mahindi. Amelitia kwenye chupa ya dawa, na jirani yule ameshaonyeshwa.