Fahamu: Kwa nini mwenye OCD hujihukumu kwa wazo tu
Mama anamwogesha mwanawe, ghafla linamjia wazo la kumzamisha. Anatetemeka, anajiona muuaji. Mwenye OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudiarudia, hukwama hapo: huomba toba, huuliza watu kama yeye ni mbaya, hutulia kidogo, kisha shaka humrudia kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio na ugonjwa huu hupatwa na mawazo ya aina hiyo. Wengi huyapuuza. Mama huyu hawezi, hasa kwa kuwa anampenda mno mwanawe.

Tiba, chini ya mtaalamu, humzoeza kuliacha wazo lipite bila kurudia toba wala kuuliza tena. Ni kazi ngumu. Ndugu, msimkemee, kaeni naye mpaka hofu ipungue.